Mgeni Apewe Jembe

Kwanza namshukuru mlezi wa chama chetu kwa kunipa ukurasa huu, ingawa nilipomweleza nitaandika nini alijikuna kichwa kidogo. Nataka kuzungumza juu ya wale wanafunzi wa Ujerumani waliokaa nasi siku kumi muhula wa pili, kila mmoja akilala nyumbani kwa mwanafunzi mwenzetu. Si mnakumbuka, wale ambao mabegi yao mawili yalitangulia Ongata Rongai kule Kajiado, kama ilivyo kawaida ya mizigo ya Rongai yetu. Nasikia wengine watakuja mwakani. Basi kabla hawajafika, nina neno.

Tuliwakaribisha vibaya. Najua mtaguna. Mtasema tuliwachezea ngoma, lango likapakwa rangi, kuku wakachinjwa. Ndiyo, na kosa liko hapo hapo. Wiki ile bwaloni tulikula wali na nyama siku nne mfululizo. Jamani, githeri ilijificha wapi? Basi lao lilipopinda kona tu, ikarudi na vijiwe vyake.

Nyumbani kwetu mambo yalikuwa yale yale. Mama aliazima viti vya sofa kwa jirani, akachukua mkate, siagi na soseji dukani kwa deni, maana aliambiwa ati Mzungu hawezi kunywa uji. Msichana wa watu akawa anaketi sebuleni kama mgonjwa. Akishika mtungi wa maji, mama anampokonya. Siku ya tatu hakuvumilia. Alitufuata shambani akasema kwa Kiswahili, "Mama, naomba jembe." Siwafichi, mahindi kadhaa yalikatwa pamoja na magugu, na mikono yake ikatoka malengelenge. Lakini jioni ile alikula ugali na sukuma wiki, akaongeza, halafu akamsimulia mama habari za nyanya yake anayelima viazi. Mama hakuwa amecheka hivyo tangu baba ahamishwe kazi. Wahenga walisema siku ya tatu mgeni apewe jembe, na sisi tunaandika methali hiyo katika insha kila mwaka!

Tena hicho Kiswahili chake ndicho kilichoniuma zaidi. Alijifunza kabla ya kuja. Wala si ajabu, kwani mjini Berlin kilianzishwa chuo cha lugha za mashariki mwaka wa 1887, na Kiswahili kikafundishwa humo, hata reli ya Mombasa haijaanza kujengwa. Yeye anatuuliza, "Habari za asubuhi?" sisi tunamjibu kwa Kiingereza cha puani. Na ndio sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili! UNESCO ilikitengea Kiswahili siku yake, Julai 7, kwa azimio la mwaka wa 2021. Sisi tumekitengea kona ya ubao wa matangazo. Walimu wa Kiingereza mnisamehe.

Tulipowapeleka Hyrax Hill, baada ya kuchungulia Menengai, waliona mashimo ya bao yaliyochongwa mwambani tangu zamani. Mmoja akauliza linachezwaje. Tukatazamana. Aliyetuokoa ni mzee mmoja aliyekuwa akipumzika pale kivulini.

Halafu kuna hili neno "mabadilishano". Mimi nijuavyo, kubadilishana ni nikupe unipe. Wao wamekuja, sisi tumekwenda wapi? Msiniambie haiwezekani. Mwaka wa 1959 Tom Mboya alizunguka Marekani akitafuta fedha, na wanafunzi 81 wakapanda ndege mwezi wa Septemba, nchi ikiwa bado chini ya Mwingereza. Mwaka uliofuata Wangari Maathai akaenda kwa mpango huo huo. Sijui kama harambee moja ya wazazi wa Rongai ingeshindwa kupeleka wanafunzi wawili tu.

Na ikiwa ndege ni ghali, mbona tusianze na Tanzania? Mkenya haombi viza huko, na nauli ya basi hadi Arusha tunaweza kuchanga. Tukae na wenzetu wiki moja, tule wanachokula, tulime wanapolima. Najua watatucheka tukisema "ile kitu" na "watu mob". Wacha watucheke. Nadhani ndiyo sababu hasa ya sisi kupenda wageni wa mbali: hao hawajui tunapokosea.

Kamati ya wageni itakutana mwanzo wa muhula. Naomba iweke wazi kwa wazazi kwamba hakuna sofa inayotakiwa. Vile viti tulimrudishia jirani Jumapili jioni, lakini deni la mkate na soseji mama alilimaliza mwezi wa pili baadaye, kwa pesa za maziwa.