Takwimu zingetoka wapi?

Mwandishi ninayemjibu anasema uchaguzi wa Oktoba 28, 2020 haukueneza korona mkoani Tanga, kwa kuwa hakuna takwimu zinazoonyesha ongezeko. Zingetoka wapi? Tangu Mei mwaka ule nchi ilikuwa imeacha kutangaza wagonjwa, hesabu ikiwa imesimama kwenye 509 na vifo 21. Waziri wa Afya aliyetutangazia mgonjwa wa kwanza Machi 16, Ummy Mwalimu, ndiye aliyekuja kugombea ubunge wa Tanga Mjini. Kampeni zikapigwa miezi miwili bila namba mpya hata moja.

Wanaodai kinyume nao wanabahatisha. Wimbi la mapema 2021, lililomkuta mwanasiasa wa Zanzibar Maalim Seif, lilifika miezi mitatu baada ya kura, ilhali dalili za korona hujitokeza ndani ya siku 14 tangu mtu aambukizwe.

Ila mwandishi ametazama mahali pasipo sahihi. Anatetea foleni ya kura: watu wako nje, upepo wa bahari unavuma. Sawa, hapo hatari ni ndogo. Lakini mkutano wa kampeni wa uwanja wa Tangamano hauanzii uwanjani. Unaanzia ndani ya basi la kukodi kutoka Muheza au Pangani, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi, abiria wamebanana na wanaimba njia nzima (na nani atawanyamazisha?). Humo ndimo virusi vinamopenda.

Akitaka tumwamini, afungue rejista za homa ya mapafu za Hospitali ya Bombo ya Tanga za Novemba na Desemba 2020, azilinganishe na za 2019.