Ukuti Una Nafasi Yake Darasani

Udongo uwahi ungali maji, walinena wazee wetu, nasi hulikubali neno hilo bila ubishi. Lakini likija jambo la kumfinyanga mtoto kwa wimbo na mchezo, wengi wetu hapa pwani husita. Nimewasikia wazazi wakilalamika kwenye milango ya shule za chekechea: "Sisi twalipa karo mtoto asome, nyinyi mwamchezesha!" Wengine huongeza neno zito zaidi, kwamba muziki si jambo letu Waislamu. Malalamiko hayo mawili yafaa yajibiwe.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchi nzima Januari 2019, umeweka nyimbo, michezo na harakati za mwili miongoni mwa mambo ya kufundishwa watoto wa miaka minne na mitano. Elimu ya dini, ya Kiislamu ikiwamo, imo pia. Tena kwa Katiba ya 2010, chekechea ni jukumu la serikali za kaunti. Kwa hiyo mzazi mwenye neno juu ya darasa la mwanawe hana haja ya kupanda basi la Nairobi. Wa kumwambia yu papa hapa.

Tuanze na mchezo. Chukua ukuti, ambao mama zetu waliucheza uani. Watoto hushikana mikono wakafanya duara, wakaimba na kuzunguka, kisha wakatetemeka na kuinama pamoja. Mtazamaji mwenye haraka ataona vumbi na kelele tu. Lakini mwalimu mwenye jicho ataona mtoto anayejifunza kusikiliza kabla ya kuitikia, kutofautisha sauti ya juu na ya chini, kwenda polepole kisha mbio, na kumngojea mwenzake. Hayo ndiyo misingi ya muziki, na ndiyo misingi ya kukaa na watu. Mtoto wa miaka minne hawezi kuhubiriwa mambo hayo akayashika; huyapata kwa miguu na viganja.

Wahungari walilitambua hilo zamani. Mtungaji wao mashuhuri, Zoltán Kodály (1882-1967), alishikilia kwamba muziki wa kwanza wa mtoto uwe nyimbo na michezo ya lugha ya mama yake. Mkusanyo mkubwa wa nyimbo za asili za taifa hilo ulipoanza kuchapishwa mwaka 1951, juzuu la kwanza lilikuwa la michezo ya watoto. Sisi je? Mtoto wa Kisauni huimbishwa nyimbo za theluji, ambayo hata babu yake hajapata kuiona, na ukuti wabaki kwa bibi anayezeeka nao.

Sasa tuje kwa lile neno zito. Wanazuoni wamekhitilafiana tangu kale juu ya ala za muziki, nami si mufti wa kukata shauri. Hata Lamu, Habib Swaleh, aliyefariki mwaka 1935, alipoyaingiza matari katika Maulidi, palikuwa na waliompinga. Leo Maulidi hayo ndiyo fahari ya mji. Lakini chekechea haihitaji hata kufika kwenye ubishi huo. Sauti ya mtoto, makofi yake na vifuu viwili vya nazi vyatosha.

Wala nisieleweke vibaya: kusoma Qur'ani si kuimba, na heshima yake ni ya peke yake. Ila mwalimu wa tajwidi humfundisha mtoto kuvuta madda ya asili kwa harakati mbili, na madda ya lazima kwa sita, naye huhesabu kwa kukunja vidole. Naona mtoto aliyezoea kushika mapigo kwa makofi hatapata taabu sana kukishika kipimo hicho.

Tena jambo hili si geni kwetu. Katika miaka ya 1980, hapa hapa Mombasa, ulianzishwa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan mpango wa chekechea za madrasa, uliounganisha mafunzo ya dini na kujifunza kwa mchezo. Baadaye ulifika Zanzibar na Uganda. Basi anayesema kwamba dini na mchezo haviwezi kukaa chumba kimoja, mfano u mbele yake.

Lililobaki ni kazi yetu. Mwalimu wa chekechea na ustadhi wa madrasa wakae pamoja, wachague nyimbo zenye adabu na maana. Bibi wa mtaa aitwe darasani hata mara moja kwa mwezi, na michezo yake iandikwe kabla hajaondoka nayo. Na mzazi, badala ya kuuliza jioni, "Umeandika nini leo?", amwambie mwanawe, "Hebu niimbie mlichocheza." Atakachokisikia ndicho kitakachomjulisha kama karo yake imefanya kazi.