Pikipiki za Uingereza: Viwanda vilikufa, wateja hawakuhama

KATIKA biashara ya vyombo vya moto, mteja aliyeuziwa kitu chenye kasoro hahitaji kufukuzwa. Kwa kawaida huondoka mwenyewe. Ipo biashara moja, hata hivyo, ambayo imeikaidi kanuni hiyo kwa zaidi ya nusu karne, nayo ni ya pikipiki za Uingereza. Pikipiki hizo zilivuja oili, zilitetemeka na mfumo wake wa umeme ulikuwa wa kubahatisha. Viwanda vilivyozitengeneza vikafungwa kimoja baada ya kingine. Waliozipenda hawakuziacha.

Leo majina ya Triumph, Norton, BSA na Royal Enfield yote yamo sokoni, na matatu kati ya hayo manne yanamilikiwa na makampuni ya India. Kwa BSA na Norton, kitu chenye thamani kubwa kilichonunuliwa hakikuwa mitambo wala majengo. Kilikuwa ni jina, pamoja na watu walio tayari kulilipia jina hilo. Ndiyo maana inafaa kuuliza ni nini hasa kinachowashikilia watu hao, na ni nani anayenufaika na uaminifu wao.

Enzi ya kutawala

Royal Enfield ilitengeneza pikipiki yake ya kwanza mwaka 1901, ikafuatiwa na Triumph mwaka 1902. Norton ilikuwa imeanzishwa mjini Birmingham mwaka 1898, na BSA, ambayo awali ilikuwa kampuni ya kutengeneza silaha, ilitokea katika mji huo huo. Mwaka 1937 mhandisi wa Triumph, Edward Turner, alitoa pikipiki iliyoitwa Speed Twin, yenye silinda mbili zilizosimama sambamba na pistoni zinazopanda na kushuka kwa pamoja. Ilikuwa nyepesi, nyembamba na yenye nguvu. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia washindani karibu wote wa Uingereza waliufuata muundo huo.

Kufikia miaka ya 1950, BSA, ambayo iliinunua Triumph mwaka 1951, ilihesabiwa kuwa mtengenezaji mkubwa wa pikipiki kuliko wote duniani. Soko lililokuwa na faida kubwa zaidi lilikuwa Marekani. Ni kwa ajili ya soko hilo Triumph ilitoa Bonneville mwaka 1959, ikiipa jina la uwanda wa chumvi wa jimbo la Utah ambako pikipiki hushindania rekodi za kasi.

Mwaka huo huo Honda ya Japani ilishiriki kwa mara ya kwanza mashindano ya Isle of Man. Waingereza wengi hawakuijali. Miaka miwili baadaye, mwaka 1961, Honda ilishinda mashindano hayo katika madaraja mawili, ya cc 125 na cc 250.

Walivyoanguka

Makosa ya wenye viwanda yameandikwa kwa kina katika ripoti ambayo kampuni ya ushauri ya Boston Consulting Group iliikabidhi serikali ya Uingereza mwaka 1975. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, sehemu ya soko la Marekani iliyokuwa mikononi mwa Waingereza ilishuka kutoka asilimia 49 mwaka 1959 hadi asilimia 9 mwaka 1973. Kila Wajapani walipoingia katika daraja la pikipiki ndogo, Waingereza waliliacha daraja hilo na kukimbilia zile kubwa, wakiamini kwamba huko hawatafuatwa.

Walifuatwa. Mwaka 1968 BSA na Triumph zilitoa pikipiki za silinda tatu, cc 750, ambazo bado ziliwashwa kwa kupiga kiki na hazikuwa na breki za diski. Mwaka uliofuata Honda ikaingiza sokoni CB750 yenye silinda nne, breki ya diski mbele na swichi ya kuwashia. Tofauti ilionekana hata sakafuni. Makasha mengi ya injini za Kiingereza yaliunganishwa kwa kusimama wima, na oili ilipenya kwenye maungio. Wajapani waliyaunganisha kwa kulala, na sakafu ikabaki kavu.

BSA ilianguka mwaka 1973. Mwaka huo huo wafanyakazi wa kiwanda cha Triumph cha Meriden, karibu na Coventry, walipoambiwa kwamba kinafungwa, walikizingira na kukataa kutoka. Mwaka 1975, kwa msaada wa serikali wa karibu pauni milioni 5 uliotetewa na waziri Tony Benn, wakaunda ushirika na kuendelea kuitengeneza Bonneville wenyewe. Ushirika huo ulidumu hadi mwaka 1983. Fedha zilipokwisha, milango ilifungwa.

Kwa nini hawakuhama

Kwa hesabu za kawaida, hadithi ilipaswa kuishia hapo. Haikuishia, na sababu kubwa ni tatu.

Ya kwanza iko ndani ya injini yenyewe. Silinda mbili zenye pistoni zinazokwenda pamoja hutoa mvuto mkubwa tangu mzunguko wa chini, na mlio mzito ambao mwendeshaji huusikia hadi kwenye viganja vya mikono. Mtetemo ambao mhandisi aliuona ni kasoro, mwendeshaji aliuona ni uhai. Wahenga walisema ukipenda boga, penda na ua lake.

Ya pili ni ufundi. Injini za zamani za Uingereza zilikuwa rahisi kiasi kwamba mtu mwenye uvumilivu aliweza kuifungua ya kwake barazani, akaisafisha na kuifunga tena. Alihitaji spana zake maalumu, kwa kuwa nati nyingi zilifuata vipimo vya Kiingereza visivyolingana na vya nchi nyingine. Kasoro hizo ziligeuka kuwa shule. Mmiliki alilazimika kujua kila kitasa na kila waya, na mtu aliyeitengeneza pikipiki yake kwa mikono yake mara kumi haiachi kirahisi kama yule aliyeitia tu mafuta na kuiendesha.

Ya tatu, na pengine yenye nguvu zaidi, ni watu wenzake. Mfano ulio wazi ni wa Vincent, kampuni ya Stevenage iliyotengeneza pikipiki zilizokuwa miongoni mwa zenye kasi kubwa kabisa za wakati wake. Iliacha kuzitengeneza mwaka 1955. Chama cha wamiliki wake, kilichoundwa mwaka 1948, kingali hai hadi leo, na ipo kampuni ya vipuri iliyotokana na chama hicho. Maana yake ni kwamba takriban miaka 70 baada ya utengenezaji kusimama, mwenye Vincent bado anaweza kupata spea mpya. Wanachama walifanya kazi ambayo kwa kawaida ni ya mwenye kiwanda.

Mkahawa wa Ace, kaskazini magharibi mwa London, una historia inayofanana na hiyo. Ulifunguliwa mwaka 1938 kwa ajili ya wasafiri wa barabara kuu, ukawa kituo cha vijana wa pikipiki katika miaka ya 1950 na 1960, ukafungwa mwaka 1969. Vijana hao walikuwa wakichukua injini ya Triumph na kuifunga kwenye fremu ya Norton, wakipata pikipiki waliyoiita Triton, ambayo hakuna kiwanda kikubwa kilichoiuza. Mkahawa ulifunguliwa upya mwaka 2001, na waendesha pikipiki wakarudi.

Sinema nazo zilisaidia. Marlon Brando alionekana juu ya Triumph mwaka 1953, na Steve McQueen mwaka 1963, katika filamu ambayo pikipiki hiyo ya Kiingereza ilipambwa ionekane ya jeshi la Wajerumani. Hata hivyo, si haki kusema kwamba mapenzi haya yametengenezwa na sinema. Norton aliyoipanda Ernesto Che Guevara na rafiki yake Alberto Granado mwaka 1952 iliwaharibikia nchini Chile, wakaendelea na safari bila hiyo. Kitabu na filamu kuhusu safari hiyo havikuuficha ubovu wake, na Norton haikukosa wapenzi kwa sababu hiyo.

Mapenzi hayatoshi

Pamoja na hayo yote, uaminifu haukuwaokoa wafanyakazi wa Meriden. Wapenzi wa pikipiki za zamani hutunza zile walizonazo; hawanunui mpya kila mwaka. Aliyelielewa hilo ni John Bloor, mjenzi wa nyumba aliyelinunua jina la Triumph mwaka 1983. Hakukimbilia kuwauzia watu kumbukumbu. Alijenga kiwanda kipya Hinckley, akajifunza namna Wajapani wanavyofanya kazi, na mwaka 1991 akaanza kuuza pikipiki za kisasa za silinda tatu na nne ambazo hazikuvuja.

Ni baada ya kujenga sifa hiyo ndipo jina la Bonneville liliporudishwa, mwaka 2000. Sura ilikuwa ya zamani, ndani kulikuwa kupya. Baadaye, kabureta zilipoondolewa na kuwekwa mfumo wa kielektroniki wa kunyunyizia mafuta, mafundi wa Hinckley walivifinyanga vifaa vipya vifanane na kabureta. Kiwanda kilijua kwamba mteja wake anatazama kabla ya kupanda, na kwamba anataka sura ya mwaka 1959 ila si oili sakafuni. Leo Triumph huuza zaidi ya pikipiki laki moja kwa mwaka.

Norton ilipitia njia nyingine. Ilinunuliwa mwaka 2008 na Stuart Garner, ikasifiwa kuwa ni ufufuo wa fahari ya taifa, na Januari 2020 ikawekwa chini ya wafilisi. Wapo wateja waliokuwa wamelipia pikipiki wakabaki mikono mitupu. Zaidi ya watu 200 waliokuwa na akiba za uzeeni katika mifuko iliyosimamiwa na Garner walikuta fedha zao zimewekezwa katika hisa za kampuni hiyo hiyo. Mwaka 2022 alikiri mahakamani kuvunja sheria ya uwekezaji wa fedha za pensheni, akapewa kifungo cha nje. Jina linalopendwa huwafanya watu wasiulize maswali ambayo wangeyauliza kwa jina wasilolijua.

Wamiliki wapya

Aliyeinunua Norton mwezi Aprili 2020, kwa pauni milioni 16, ni TVS ya India. Wasomaji wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hawahitaji kuelezwa TVS ni nani. Wanaipanda kila siku wakiwa nyuma ya dereva wa bodaboda. Bajaj, ambayo jina lake Tanzania limegeuka kuwa jina la chombo cha magurudumu matatu, ndiyo inayotengeneza Triumph za cc 400 nchini India tangu mwaka 2023. BSA imefufuliwa na kampuni iliyo chini ya Mahindra. Royal Enfield, iliyoanza kuunganishwa Madras mwaka 1955 na kuendelea huko baada ya viwanda vyake vya Uingereza kufa, iliuza zaidi ya pikipiki milioni 1 katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025. Triumph yenyewe, ingawa ni ya Bloor, hutengeneza pikipiki zake nyingi Thailand.

Je, hizo bado ni pikipiki za Uingereza? Wapo wanaokataa katakata. Lakini inafaa kukumbuka kwamba hata Triumph ya kwanza ilianzishwa na Mjerumani, Siegfried Bettmann, mhamiaji kutoka Nuremberg. Uingereza wa pikipiki hizi haukuwahi kuwa suala la pasi ya kusafiria. Ulikuwa katika muundo wa injini, na katika watu waliokubali kuitunza.

Kwa sababu hiyo, wamiliki wapya wasidhani kwamba wamenunua wateja. Dereva wa bodaboda anapochagua chombo cha kumlisha, swali lake la kwanza ni kama spea zinapatikana na kama fundi wa mtaani anaijua injini. Mwenye Vincent mjini London huuliza swali hilo hilo, ingawa pikipiki yake ni ya Jumapili na ya mwenzake ni ya riziki. Wote wawili huwa waaminifu kwa chombo kinachotengenezeka, na kwa watu wanaowasaidia kukitengeneza.

Pikipiki za siku hizi zimejaa kompyuta, na kazi nyingi hazifanyiki bila vifaa vya wakala. Mmiliki anazidi kufungiwa nje ya injini yake mwenyewe. Hapo ndipo uaminifu huu utakapopimwa kweli, kwa kuwa uliota barazani, katika mikono iliyochafuka kwa oili, na bado hakuna kiwanda kilichoonyesha kwamba kinaweza kuuotesha mahali pengine.