Mgeni Aje, Mwenyeji Apone?



Wazee wetu walisema: mgeni aje, mwenyeji apone. Tarehe 25 Novemba 1997, katika Chuo Kikuu cha British Columbia, mjini Vancouver, Kanada, mgeni alikuja, na mwenyeji akaumia.

Siku hiyo viongozi wa jumuiya ya kiuchumi ya Asia na Pasifiki, yenye wanachama 18 wakati ule, walikutana katika jumba la makumbusho la chuo hicho. Miongoni mwao alikuwamo Rais Suharto wa Indonesia. Jeshi lake liliivamia Timor ya Mashariki mwaka 1975, na tarehe 12 Novemba 1991 likawafyatulia risasi watu waliokuwa katika makaburi ya Santa Cruz, mjini Dili, kumkumbuka kijana aliyeuawa. Wanafunzi wa Vancouver walitaka jambo hilo litajwe mbele ya uso wake. Wengine walitaka Tibet itajwe, kwa kuwa Rais wa China naye alikuwepo.

Hakuna anayekataa kwamba wageni wakubwa wahitaji ulinzi. Tena si haki kusema kwamba wanafunzi wote walikaa kimya kama maji mtungini: wako waliovuta uzio hata ukaanguka. Lakini mwanafunzi mmoja wa sheria alikamatwa kwa sababu ya mabango yaliyoandikwa maneno kama demokrasia na uhuru wa kusema. Bendera ya Tibet iliyopepea kwenye nyumba ya wanafunzi iliteremshwa na polisi. Bendera haitupi mawe. Baadhi ya waliokamatwa walitakiwa kutia sahihi ahadi ya kutoandamana tena dhidi ya mkutano ule, ndipo waachiliwe. Na wale waliokaa barabarani kuuzuia msafara wa magari walipewa onyo la sekunde chache tu, kisha wakanyunyiziwa dawa ya pilipili machoni, pamoja na mpiga picha wa televisheni. Alipoulizwa, Waziri Mkuu Jean Chrétien alifanya mzaha kwamba yeye pilipili huitia kwenye sahani yake. Sisi tunaoila kila siku twajua vema mahali pake, na jicho si mojawapo.

Hapa ndipo penye kiini cha neno langu. Kabla ya mkutano, serikali ya Kanada ilikuwa imewahakikishia Waindonesia kwamba Rais wao hataaibishwa. Kumkinga mgeni na risasi ni wajibu. Kumkinga na aibu ya matendo yake mwenyewe ni kazi nyingine kabisa, na polisi hawakuajiriwa kwa kazi hiyo. Wala chuo kinachokubali kuazima uwanja wake kwa wakubwa hakiwezi kuwaazima na ndimi za wanafunzi wake.

Katika lugha yetu neno shahidi lamhusu yule asemaye mahakamani alichokiona, na pia yule aliyeitoa roho yake kwa ajili ya imani. Wanafunzi wa Vancouver walikuwa mashahidi wa namna ile ya kwanza. Waliandika malalamiko, wakapeleka picha, wakarudi tena na tena mbele ya tume. Jopo la kwanza lilivunjika. Jaji mstaafu Ted Hughes akaianza kazi upya, na mwaka 2001 akaandika kwamba polisi hawakufikia kiwango cha ustadi kinachotarajiwa kwao, na kwamba msaidizi wa Waziri Mkuu aliingilia isivyofaa katika kuwaondoa waliopiga hema karibu na makumbusho. Waziri Mkuu mwenyewe alialikwa kutoa ushahidi, akakataa. Haki haikukamilika, lakini maandishi yapo.

Najua msomaji atasema: pilipili ni nini mbele ya risasi? Ni kweli. Chini kidogo ya miezi sita baada ya Vancouver, tarehe 12 Mei 1998, wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha Trisakti, mjini Jakarta, waliuawa kwa risasi. Wenzao wakalijaza bunge, na tarehe 21 Suharto akajiuzulu.

Nasi tunayo ya kwetu. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi walishambuliwa usiku katika kampasi ya Lubumbashi. Ubelgiji ilidai uchunguzi wa kimataifa. Serikali ya Mobutu ikakataa, na ushirikiano wa nchi hizo mbili ukakatika. Idadi ya waliokufa ingali ikibishaniwa hadi leo. Aliyekuwa na miaka 20 usiku ule sasa amepita 50. Wengine wao twaketi nao benchi moja Jumapili, na sijui ni wangapi kati yetu waliowahi kuwauliza waliona nini na kuyaandika majibu yao.