VIJANA WETU WAPUMZIKE WAPI?

Kila mwaka ukaribiapo kwisha, na kila vyuo vifungwapo, mazungumzo ya vijana wetu huwa ni yale yale. Marafiki sita au wanane, waliosoma pamoja au wafanyao kazi pamoja, hukaa kushauriana waende wapi kupumzika. Mmoja ataka bahari ya Unguja; wa pili ataka kuwaona nyumbu wa Serengeti; wa tatu asema Dar es Salaam yatosha; wa nne hasemi neno. Mashauri huchukua majuma mengi, na mwisho wake mara nyingi huwa mmoja kati ya miwili: ama safari haifanyiki kabisa, ama hufanyika na marafiki wakarudi hawasemezani.

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni dogo, wala halistahili nafasi katika ukurasa huu. Sisi hatukubali. Mapumziko ni haki ya kila afanyaye kazi, na kijana anapochagua mahali pa kupumzika huwa anachagua pia ataijua sehemu gani ya nchi yake, na fedha yake ataiacha mikononi mwa nani. Kwa hiyo tungependa leo kutoa shauri letu, na kwa mfano tutachukua Moshi na miteremko ya Kilimanjaro, ambako shauri hili laweza kufuatwa kwa urahisi.

Jambo la kwanza ni fedha, na hapo ndipo urafiki mwingi uvunjikapo. Katika kila kundi yuko mmoja ambaye mshahara wake ni mdogo kuliko wa wenzake, au hajapata kazi bado, au analipa ada za wadogo zake. Huyu ndiye yule wa nne asiyesema neno. Wenzake wanapotaja hoteli ya pwani yeye hutikisa kichwa kukubali, kwa sababu aona haya. Kisha hukopa, akaenda safari ya siku nne na kulipa deni la miezi sita. Au siku moja kabla ya safari huugua ugonjwa ambao hakuna daktari aujuaye. Twauliza: je, huo ni urafiki?

Shauri letu ni hili. Kabla ya kutaja jina la mahali popote, kila mmoja na aandike katika kipande cha karatasi, bila ya kutia jina lake, fedha anayoweza kuitoa pasipo kukopa. Karatasi zikunjuliwe, na kiasi kilicho kidogo kuliko vyote kiwe ndicho kipimo cha wote. Mwenye nyingi hatapata hasara kwa kutumia kidogo, lakini mwenye kidogo huumia akilazimishwa kutumia nyingi.

Wazee wa Uchagani wana hadithi yao juu ya jambo la namna hii. Husimulia kwamba Kibo na Mawenzi walikuwa majirani, na Mawenzi alikuwa na desturi ya kwenda kwa Kibo kuomba moto, kila mara akisema wake umezimika. Kibo alimpa kaa na ndizi za kula, leo na kesho. Ikafika siku Kibo akachoka, akatwaa mchi, akampiga mwenziwe. Ndiyo sababu hata leo Kibo ana kichwa cha mviringo na Mawenzi amejaa nyufa na pembe kali. Sisi twaona kwamba hadithi hii yawahusu wote wawili. Lau wangepatana mapema juu ya moto na chakula, mchi usingetoka jikoni.

Baada ya fedha kujulikana, ndipo mahali pachaguliwe. Na hapa twakumbuka usemi wa wazee kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Inashangaza kuona jinsi vijana wengi wa Moshi wanavyoutazama Mlima kila asubuhi wanapokwenda kazini, nao hawajapata kufika hata kwenye lango lake. Wapo waliozaliwa Kibosho ambao hawaijui Marangu, na wa Marangu ambao hawajaliona Ziwa Chala. Wengi wamekwisha kuamini moyoni kwamba Mlima ni mali ya wageni wenye mabegi makubwa, na kwamba kazi ya mwenyeji ni kuyabeba mabegi hayo.

Imani hiyo ni potofu, na tena ina aibu ndani yake. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha mwenge na bendera ya Tanganyika katika kilele cha Kibo, mita 5,895 juu ya bahari, nacho kikaitwa Uhuru. Mlima ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1973, na ada atozwayo raia kuingia humo ni sehemu ndogo tu ya ile atozwayo mgeni. Ni kweli kwamba safari ya kufika kileleni huchukua siku nyingi na yahitaji gharama, mavazi na afya. Lakini nani aliyesema kwamba ni lazima kufika kileleni? Kijana mwenye miguu mizima aweza kutoka Moshi alfajiri, akaingia lango la Marangu pamoja na kiongozi wa njia, akapanda katikati ya msitu hadi kituo cha Mandara, karibu mita 2,700, na kurudi siku ile ile. Akiongeza hatua kidogo hadi Maundi, na mawingu yakiwa mbali, ataviona Kibo na Mawenzi kwa juu na nyika ya Kenya kwa chini.

Na asiyetaka kuingia katika Hifadhi hakosi mahali. Huko Uru yako maporomoko ya Materuni, ambako wenyeji humfundisha mgeni kukoboa kahawa kwa kinu na mchi, kuikaanga, kuisaga na kuinywa pale pale chini ya migomba. Huko Marangu yako maporomoko ya Kinukamori na Kilasiya, na mifongo ambayo mababu waliichimba kupitisha maji ya mto katika vihamba, kazi ya uhandisi iliyofanywa na watu wasiokuwa na kipimo ila macho yao. Upande wa Rombo liko Ziwa Chala, lililolala ndani ya shimo la volkano, nusu letu na nusu la jirani zetu wa Kenya. Kule Hai, chini ya Boma Ng'ombe, ziko chemchemi za Kikuletwa ambazo watu huziita Chemka, ingawa maji yake hayachemki. Ni vuguvugu na safi hata mawe ya chini huonekana.

Wala wasipite Old Moshi pasipo kusimama. Hapo, tarehe 2 Machi, 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wengine wa Wachaga na wa jirani zao. Kichwa cha Meli chasadikiwa kuwa kilipelekwa Ujerumani, na wazao wake wamekitafuta miaka mingi. Mwaka 1923 haukukirudisha, wala 1961; na hata mwaka 2023, ambapo majumba ya makumbusho ya Berlin yalitangaza kwamba mafuvu kadhaa yaliyochukuliwa zamani za ukoloni yamepatikana kuwa na jamaa walio hai hapa nchini, la Meli halikuwamo. Kijana akisimama mahali pale saa moja, atajifunza jambo ambalo hoteli haliuzi.

Tunajua jibu tutakalopewa. Vijana watasema: "Mlima tumezaliwa nao, kukaa nyumbani ni mapumziko gani?" Na wale watokao Dar es Salaam watasema kwamba wao huja Moshi kila Desemba, mabasi yakiwa yamefurika. Ni kweli huja, na kuwaona wazazi ni wajibu mwema. Lakini wengi wao huishi kati ya nyumba ya shangazi, nyama choma na mbege, kisha hurudi mjini wasijue Mlima umepungukiwa na nini tangu Desemba iliyopita. Mwaka 1848 Johannes Rebmann alipoandika kwamba ameona theluji katika mlima huu, wataalamu waliokaa Ulaya walimbishia kwa miaka mingi, kwa sababu walikuwa wakibisha vitini mwao. Mtu aliyezaliwa chini ya Mlima asipoupanda, naye hatofautiani nao sana.

Hatusemi kwamba vijana wasiende Unguja, au Lushoto, au Kilwa. Waende! Taifa hujengwa na watu wanaojuana, na mtu wa bara asiyeijua pwani ni nusu mwananchi, kama alivyo mtu wa pwani asiyelijua bara. Lakini safari ya mbali iwekewe akiba. Wakulima wa kahawa wa Mlima huu walianza umoja wao mwaka 1925, na mwaka 1933 ukawa KNCU, kwa kuunganisha magunia machache ya kila kihamba. Vijana ambao hukusanya mamilioni kwa kamati ya harusi ya siku moja hawawezi kutuambia kwamba hawajui kuchanga kidogo kidogo kwa mwaka mzima.

Yapasa pia kuwakumbusha adabu ya safari. Msafiri asibishane na mama auzaye ndizi kwa shilingi mia mbili, naye jana alilipa soda kwa bei ya baa pasipo kuuliza. Kiongozi wa njia na mpagazi walipwe walichopatana, tena kwa wakati. Asiyejua kuogelea asijitupe katika Chala wala Kikuletwa kwa ajili ya kupigwa picha. Anayepanda achukue koti na asishindane na mwenziwe, kwa maana kichwa kikiuma huko juu dawa yake ni kushuka. Masika ya Machi hadi Mei yaepukwe, njia huteleza. Na zaidi ya yote, moto! Mwezi Oktoba, 2020, na tena Oktoba, 2022, tuliuona Mlima ukiwaka usiku, na mamia ya watu, wanafunzi miongoni mwao, wakipanda kuuzima kwa matawi. Takataka ya mtu na irudi pamoja naye.

Na kwa Halmashauri na Serikali za vijiji tuna neno moja. Bei za kuingia katika maporomoko na chemchemi ziandikwe ubaoni kwa Kiswahili, ya raia na ya mgeni, ili kijana asitajiwe bei kulingana na viatu alivyovaa. Vyoo vijengwe, na njia zenye mteremko ziwekewe ngazi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji naye ajue kwamba kijana wa nchi hii ni mgeni mwenye heshima kama yule aliyeshuka katika ndege.

Barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu ilipopimwa mwaka 1912. Haingoji mtu apate cheo au gari. Basi vijana, andikeni karatasi zenu, mpimeni kwa yule mwenye kidogo, na mwanze na mahali palipo karibu. Mkirudi mkiwa bado marafiki, bila ya deni, na mkiwa na jambo la kuwasimulia wadogo zenu, mtakuwa mmepumzika kweli.