Ni Mwendo wa Saa Ngapi Hadi Mwanza?

Kaburi limekwisha kuchimbwa Mwanza, na wazee wanakuuliza kijana wao aliye Dar es Salaam atafika saa ngapi. Utajibu nini? Mimi niliwajibu wakwe zangu hivi: "Anakuja kwa ndege. Ni saa moja na nusu tu." Wakakubali kumngoja amzike baba yake.

Tuanze na umbali. Kutoka kiwanja cha Julius Nyerere hadi kile cha Mwanza, mstari ulionyooka ni kilomita 850 hivi. Barabara ya kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga inazidi kilomita 1,100, na reli ya kati ya zamani hushika njia ya Tabora kwanza ndipo ikapinda kaskazini. Ndege haina mto wala mlima wa kuuzunguka. Hata hivyo, usigawe 850 kwa mwendo wa jeti, ambao ni kama kilomita 800 kwa saa, ukadhani umepata jibu. Ndege hutambaa ardhini kabla ya kuruka, hupanda kwa taratibu, tena hupunguza mwendo mapema ili itue. Ndiyo maana tiketi huonyesha kiasi cha saa moja na nusu. Ndege ya pangaboi hukawia zaidi.

Lakini hesabu ya familia huanzia mlangoni kwako. Abiria hutakiwa kiwanjani mapema, na ni salama kujipa muda wa saa mbili. Kutoka Mbagala au Kimara, asubuhi ya mvua, ongeza saa moja, pengine mbili. Ukishuka Mwanza kuna kungoja mizigo, kisha kilomita 10 hivi za kuingia mjini. Na kama kwenu ni Ukerewe, hapo hata kivuko bado hujakiona.

Hayo yote niliyasahau. Lililotuumiza zaidi, hata hivyo, ni jingine, nami naomba ulisome mara mbili. Tiketi haifuati saa zetu za Kiswahili. Penye 12:00 ni saa sita mchana. Saa kumi na mbili jioni huandikwa 18:00. Shemeji yangu, mtu aliyesoma vizuri, alifika kiwanjani saa kumi alasiri akiwa na tiketi ya 12:00 mkononi, tena akijisifu kwamba amewahi. Ndege yake ilikwisha kutua Mwanza zamani.

Sisi tulingoja. Jua la Mwanza huchwa kama dakika 25 baada ya lile la Dar es Salaam, ingawa saa za ukutani ni zile zile, na siku ile tulizitumia zote. Kisha wazee wakasema basi.

Tangu hapo, tiketi ikiingia nyumbani kwetu, mke wangu huchukua kalamu na kuandika juu yake kwa herufi kubwa: SAA SITA MCHANA, KUTOKA NYUMBANI SAA MBILI ASUBUHI. Kaka yake alifika kesho yake, akapelekwa moja kwa moja makaburini.