Baiskeli ya Gia Inapokwenda Mbali

Ndugu msomaji, wiki hii nakuomba tuyaache kidogo mambo ya jikoni na ada za shule, tutoke uani, mahali ambapo takriban kila nyumba ya hapa Cheyo ina baiskeli iliyoegemezwa ukutani. Jumapili iliyopita jirani yangu, kijana afanyaye kazi katika ghala moja la hapa mjini, alinijia akikokota baiskeli ya gia aliyoipata kwenye mitumba. Aliniamkia, na kabla sijamaliza kuitikia alikuwa amekwisha kuinyanyua kwa mkono mmoja mpaka kifuani.

"Mzee, tazama wepesi wake! Kwa hii nitafika kwa mama kule mbele ya Sikonge, nikae naye siku moja na kurudi, na nauli ibaki mfukoni."

Nilimpongeza. Kisha niliinama nikalitazama gurudumu la nyuma kwa muda, na yeye akaona kwamba nimenyamaza.

Sina ugomvi na baiskeli za gia, msomaji. Phoenix, kama Raleigh kabla yake na kama Swala iliyokuwa ikiundwa Dar es Salaam, ni baiskeli ya chuma yenye uzito wa kilo 20 hivi, na hubeba magunia ya mkaa bila kunung'unika. Baiskeli ya gia iliyo njema haizidi sana kilo 12 au 13. Lakini yafaa tujue ilikotoka. Katika miaka ya 1970, huko California nchini Marekani, vijana kadhaa walikusanya baiskeli kuukuu za Schwinn zenye matairi manene, wakawa wanashindana kuteremka nazo mlimani. Breki zao zilikuwa za kukanyaga pedali kinyumenyume. Zilipata moto hata grisi iliyomo ndani ya kitovu cha gurudumu ikatoka kama moshi, ikawalazimu kukifungua na kukipaka upya. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilianza kuuza baiskeli ya aina hiyo kwa wingi, na dunia nzima ikaifuata. Basi baiskeli hii ilizaliwa iteremke mlima kwa dakika chache, mpandaji akiwa mikono mitupu. Haikuzaliwa itembee kutwa nzima juu ya changarawe, huku nyuma kukiwa na debe la unga na jogoo amefungwa miguu. Inaweza kuifanya kazi hiyo, tena vizuri sana, ila hapana budi kuitayarisha.

Kisa kilichoninyamazisha ni hiki. Miaka zaidi ya ishirini iliyopita, kabla barabara ya Sikonge haijatiwa lami, nililetewa habari alfajiri kwamba mjomba wangu amefariki kijijini na kwamba maziko ni alasiri ya siku ile ile. Nilikuwa na baiskeli ya gia, nyepesi kama ya kijana huyu, nami nilijivuna nayo. Nilifunga nyuma kilo ishirini na kitu za mchele na sukari, nikaondoka. Nilipokwisha kwenda kiasi cha kilometa arobaini nilisikia mlio mdogo, kama kijiti kinachovunjika. Sikusimama. Baada ya hapo ikalia ya pili, kisha ya tatu, na gurudumu likapinda mpaka likakwama katika uma. Nilikuwa na spoki za akiba mfukoni, maana sikuwa mjinga kabisa. Lakini zilizokatika zilikuwa za upande wa mnyororo, zimeingia nyuma ya friwili, na friwili haitoki kwa mikono wala kwa koleo. Hutoka kwa chombo chake maalumu, kipande cha chuma kisichozidi kidole gumba kwa ukubwa, kishikwe na spana kubwa. Chombo hicho kilikuwa nyumbani, juu ya kabati. Nilikokota baiskeli msituni mpaka giza likaingia, nikalala kwa watu wema. Nilifika siku ya pili. Mjomba alikwisha kuzikwa, na shangazi aliyapokea mahitaji yale bila kuniuliza neno.

Kwa hiyo tuanze na gurudumu la nyuma, na mengine yafuate. Zihesabu spoki. Baiskeli nyingi za kale za mtindo wa Kiingereza zilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa maana waundaji wake walijua mzigo unakaa wapi. Baiskeli za gia aghalabu zina 32 au 36 katika kila gurudumu. Kwa safari ndefu chagua za 36 ukizipata. Tena, ili meno ya gia yapate nafasi, spoki za kulia za gurudumu la nyuma zimesimama karibu wima nazo hukazwa kuliko za kushoto. Zinapokatika, mara nyingi ni hizo. Wengi hudhani spoki hukatika kwa kukazwa mno. La hasha! Kwa kawaida hukatika kwa kulegea: kila gurudumu linapozunguka, spoki iliyolegea hulegea zaidi na kuvutika tena, maelfu ya mara kwa safari moja, mpaka chuma kichoke. Pitisha kidole juu yake kama apigaye zeze. Za upande mmoja zinapaswa kutoa sauti zinazokaribiana. Inayotoa mlio mzito imelegea. Mpelekee fundi anayejua kunyoosha rimu, na ukae naye hadi amalize.

Kisha nunua spoki nne za akiba, mbili za kila upande, kwa kuwa katika gurudumu la nyuma za kulia huwa fupi kuliko za kushoto kwa milimeta moja au mbili. Zifunge kwa utepe kwenye fremu usizione tena mpaka siku ya shida. Na chombo cha kufungulia friwili, msomaji, kitie ndani ya mkoba wa baiskeli. Ikiwa yako ni ya aina mpya zaidi, ambayo meno yake hufungwa kwa pete yenye uzi mwishoni, chombo chake ni kingine, nacho huhitaji pamoja nacho kipande cha mnyororo cha kuyazuia meno yasizunguke. Muulize fundi ni ipi uliyo nayo kabla hujaondoka.

Sasa matairi. Hapa pana mtego unaowapotezea watu fedha zao dukani. Tairi linaloandikwa inchi 26 si moja. Lile la baiskeli ya gia, lililoandikwa mathalani 26 x 1.95, hukaa juu ya rimu yenye kipenyo cha milimeta 559. Lililoandikwa 26 x 1⅜ hutaka rimu ya milimeta 590, nalo halitakaa kamwe hata ulipake sabuni. Namba hizo za milimeta zimechapwa ubavuni mwa tairi kwa herufi ndogo. Zisome kabla ya kulipa. Kwa changarawe sichagui yale yenye vijino vikubwa kama ya trekta, ambayo hunguruma na kukuchosha. Nachagua lenye upana wa karibu inchi mbili, laini katikati na lenye vijino vidogo pembeni.

Mafundi wetu wa kando ya barabara hujaza upepo mpaka tairi liwe jiwe, wakidhani wamekutendea wema. Kwenye changarawe tairi gumu hurukaruka, hukuumiza viganja na hupeleka kila pigo kwenye spoki. Mtu wa kilo 65 au 70 mwenye matairi ya inchi mbili anatoshwa na paundi 35 hadi 45, la nyuma likizidi la mbele kidogo. Ukibeba mzigo, ongeza. Ukifika kwenye mchanga mwingi, punguza kisha ujaze tena mbele. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya miiba ya nchi hii, pampu ni ya lazima, pamoja na viraka, sulusheni na tyubu moja nzima.

Kuhusu gia sitasema mengi. Tabora ni nchi ya uwanda wa juu, haina milima ya kutisha. Kilima chetu ni mchanga. Meno madogo ya mbele uyaweke kwa ajili ya mchanga, na siku nzima iliyobaki utembee na ya katikati. Mnyororo usiupake oili chafu ya injini, kwa kuwa hushika vumbi na kugeuka msasa. Futa, tia tone dogo la mafuta mepesi kwenye kila kiungo, futa tena. Na uupime kwa rula: viungo 24 vya mnyororo mpya ni inchi 12 kamili. Vikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, nunua mnyororo mwingine upesi, kabla haujala meno, kwani meno ni ghali zaidi.

Uma wa mbele wenye springi hupendwa na vijana. Ule wa bei nafuu ni mzito, na vumbi likiingia hukwama. Mimi naona uma mgumu wa chuma ni bora. Fremu nayo, ukiweza kuchagua, iwe ya chuma: ikivunjika kijijini, mwenye mashine ya kuchomelea ataiunga, lakini fremu ya alumini wengi wao hawaiwezi.

Ikae pia sawa na mwili wako. Keti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyooka bila wewe kuinama upande. Usukani uinue mpaka uwe sawa na kiti au juu yake kidogo, maana baiskeli hizi humlaza mtu mbele, na baada ya saa tatu vidole hufa ganzi. Pembe mbili fupi zikifungwa kwenye ncha za usukani hukupa mahali pa kubadilisha mikono. Zizungushie mpira wa tyubu kuukuu.

Nimeuacha mzigo nyuma kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo tulipobishana. Kijana alitaka kubeba kilo thelathini za mahitaji ya mama. Nilimkumbusha kwamba tunakaa katika mji wa wapagazi. Burton na Speke waliingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waiache pwani, na mizigo yao ilikuja juu ya mabega ya watu. Mpagazi wa Kinyamwezi aliweza kubeba frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Lakini majora ya kitambaa yalifungwa na kupigwa mpaka yakawa magumu kama gogo, ili kisitikisike kitu, kwani mzigo unaocheza humchosha mchukuzi mara mbili.

"Basi mzee, babu zetu walibeba thelathini na mbili," akanijibu, "nami nina magurudumu!"

Jibu zuri, nikacheka. Lakini babu zetu walikwenda kwa miguu, wala bega halina spoki. Keria nyingi nyepesi zimeandikwa kikomo cha kilo 25, na kikomo hicho ni cha barabara nzuri. Kwenye changarawe mimi siruhusu zaidi ya 15 nyuma. Kilichobaki, kama kilo nne au tano, kiende mbele katika mifuko miwili ya chini, kila upande mmoja. Vizito vikae chini na karibu na ekseli, vyepesi juu. Funga kwa mipira ya tyubu iliyokatwa vipande virefu, kisha utikise baiskeli kwa nguvu; kinachogonga kifunge upya. Tulikubaliana kwamba mchele utanunuliwa Sikonge, ambako lami hurahisisha kazi, na yeye aubebe sehemu iliyobaki tu.

Jambo la maji wapagazi walilijua kuliko sisi. Walipojua kwamba mbele ni kukavu, walipika na kunywa mchana, wakajaza vibuyu na kuondoka jua likianza kupinda, wakalala pasipo maji, na asubuhi yake wakafika kisimani. Mwendo huo uliitwa telekeza. Mwendesha baiskeli afanye vivyo hivyo: anywe hadi atosheke mahali penye maji, na abebe lita tatu walau, hasa Septemba na Oktoba kabla ya mvua. Na katika misitu ya miombo asivae nguo za buluu wala nyeusi, kwani mbung'o huvutwa na rangi hizo na hukifuata kitu kinachotembea.

Jana jioni tulifanya majaribio. Kijana alikwenda na mzigo wake mpaka Kwihara, kwenye lile tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, akarudi. Kisha tukazipiga spoki zote tena. Mbili zilikuwa zimelegea, tukazikaza. Anaondoka Jumamosi alfajiri. Chombo changu cha kufungulia friwili kinaingia katika yake, nimekijaribu, nami nimempa pamoja na spana. Nimemwambia anirudishie.